Nani Alibeba Mzigo? Siku Saba Kwenye Ramani ya Mlima Kenya

Ukiitandaza ramani ya Mlima Kenya mezani, kitu cha kwanza kukushangaza si urefu wa vilele, ni majina. Kuna Bonde la Teleki, Bonde la Höhnel, Bonde la Hausburg na Bonde la Mackinder. Kuna Shipton's Camp, Point Piggott na Point Dutton. Mito ya barafu nayo inaitwa Lewis, Tyndall, César, Joseph. Ukiwatoa Wamaasai wachache waliopewa vilele, unaweza kudhani mlima huu ulikuwa Ulaya, ukaletwa hapa kwa meli.

Niliutembea mlima huo kwa siku saba, kutoka lango la Sirimon hadi Chogoria, na swali moja kichwani. Hawa wenye majina walikuja na mahema, bunduki, vyombo vya kupimia na masanduku ya chakula. Nani aliyabeba?

Tulikuwa sita, marafiki na marafiki wa marafiki, tumechangishana. KWS hawaruhusu mtu aingie mlimani peke yake, kwa hivyo tulikuwa na kiongozi, mpishi na mapota wanne. Mimi nilikuwa na buti za mitumba kutoka Gikomba na hela za makala matatu. Langoni mizigo ilipimwa kwenye mzani, kilo kwa kilo, mbele ya kila mtu. Mmoja wa mapota, mzee aliyekuwa mkimya kuliko wote, aliukagua mzani mwenyewe kabla ya kukubali begi. Nikamuuliza, "Mzee, umeupanda mlima huu mara ngapi?" Akajibu, "Nikianza kuhesabu nitapotea njia."

Siku mbili za kwanza ukitokea Sirimon, mlima wenyewe bado uko mbali. Unachokiona vizuri ni kilicho nyuma yako: Laikipia, tambarare isiyoisha. Pale Old Moses, mita 3,300, tulikaa nje na vikombe vya chai tukiitazama mpaka giza likaingia. Na ni hapo ambapo kisa cha jina la Lenana kinapaswa kuanza.

Vilele vitatu vikuu ni Batian, mita 5,199, Nelion, mita 5,188, na Lenana, mita 4,985. Majina yote matatu yaliwekwa na Halford Mackinder, Mwingereza wa kwanza kufika Batian, mwaka 1899. Aliyatoa kwa malaibon wa Kimaasai: Mbatian, laibon mkuu wa karne ya 19, Nelieng nduguye, na Lenana mwanawe. Wakikuyu, Waembu na Wameru wanaoishi miguuni pa mlima, na ambao wazee wao waliomba wakiuelekea, hawakuulizwa.

Lenana alikuwa hai wakati jina lake linapachikwa kule juu. Mwaka 1904 alitia sahihi mkataba na serikali ya kikoloni. Wamaasai wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa, sehemu yao moja ikapelekwa Laikipia. Waliambiwa mpango huo ni wa kudumu. Haikupita miaka 10. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, nao wakaondolewa Laikipia vilevile, wakasukumwa kusini, na tambarare ile ikabaki kwa walowezi. Lenana alifariki mwaka huohuo. Kwa hivyo ukiwa njiani kwenda Point Lenana kupiga selfi, geuka kidogo. Alipewa jina kwenye mawe, na watu wake wakanyang'anywa nyasi. Kupewa jina kwenye ramani si sawa na kupewa haki, na mlima huu unalionyesha hilo mapema kabisa, kabla hata kichwa hakijaanza kukuuma.

Kichwa kilianza siku ya pili. Njia inavuka kijito cha Ontulili, inapanda, inashuka, kisha inaingia Bonde la Mackinder, ambapo lobelia na senesio zimesimama kama watu waliosahau walikuwa wanaenda wapi. Unatembea masaa na bado bonde halijaisha. Mwishoni kuna Shipton's Camp, mita 4,200 na ushei, na pimbi wanene wasioogopa mtu, wanaokuja mpaka mlangoni kuulizia chapati.

Tulikaa hapo siku nzima ya tatu ili miili izoee hewa nyepesi. Nilikuwa na muda wa kumfikiria mwenye bonde.

Nilisoma jiografia chuo kikuu kwa miaka miwili kabla ya kuacha. Mackinder alikuwa kwenye noti zetu. Mwaka 1904 alisoma mbele ya Royal Geographical Society mada kuhusu kitovu cha historia, ile nadharia kwamba atakayeitawala sehemu ya ndani ya Ulaya na Asia atakuwa na nguvu ya kuitawala dunia. Tuliichora kwenye mtihani, duara ndani ya duara. Hakuna siku tuliyoambiwa kwamba miaka mitano kabla ya mada hiyo, mtu huyohuyo alikuwa huku kwetu, kwenye mlima tunaouona Nairobi asubuhi mawingu yakikubali. Na alikuja kwa sababu maalumu. Jiografia ilikuwa somo changa vyuoni Uingereza, naye alitaka kuonyesha kwamba mwanajiografia anaweza pia kuwa mpelelezi. Tena alijua Mjerumani Hans Meyer, aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alikuwa ameanza kuutamani mlima huu. Yaani ilikuwa mbio.

Siku ya nne tuliamka gizani tukapanda Hausburg Col, karibu mita 4,600. Ni mawe matupu yanayoteleza: hatua mbili mbele, moja nyuma. Juu pale Batian inakutazama usoni, ukuta mweusi wenye mabaka meupe. Kiongozi akatuonyesha palipo barafu za César na Joseph. Zamani, alisema, zilikuwa zinashuka mbali. Sasa ni vipande. Barafu ya Gregory, upande wa pili, imekwisha kabisa.

César na Joseph ni majina ya watu. César Ollier na Joseph Brocherel walikuwa viongozi wa milima kutoka Courmayeur, Italia, walioajiriwa na Mackinder. Wao ndio waliokata ngazi kwenye barafu, na ndio waliosimama naye juu ya Batian adhuhuri ya 13 Septemba 1899. Brocherel alikuwa kiongozi na pia mbeba mizigo. Kwa hivyo si kweli kwamba ramani hii haiwezi kumkumbuka mtu aliyefanya kazi ya mgongo. Inaweza. Imemkumbuka Brocherel kwa jina lake la kwanza, kama rafiki.

Sasa tuhesabu wengine. Msafara ulioondoka Nairobi mwezi Julai 1899, mji wenyewe ukiwa na wiki chache tu tangu reli iufikie, ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na viongozi wawili wa Kimaasai. Watu 170. "Waswahili" wa wakati huo walikuwa mchanganyiko: watu wa pwani wa kila asili, wengine wao au wazazi wao wakiwa wamewahi kuwa watumwa, waliojipatia riziki kwa kubeba mizigo bara. Kazi ilikuwa na daraja zake na lugha yake. Mnyapara alisimamia, kirangozi alitangulia, mpagazi alibeba. Mzigo wa kawaida wa msafara ulikuwa karibu kilo 30, na posho lilikuwa lile fungu la chakula cha siku. Leo tunasema posho tukimaanisha unga, nyapara tukimaanisha bosi mkorofi, na safari tukimaanisha chochote. Maneno hayo yalipita kwenye mabega ya watu kabla ya kutufikia sisi.

Msafara huu uliingia nchi yenye njaa. Miaka hiyo, kuanzia 1897, mvua ilikataa, ng'ombe walikuwa wameshaangamizwa na sotoka, na ndui ikapita vijijini. Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, na jina hilo peke yake ni somo la historia. Fikiria basi watu 170 wenye bunduki wakifika kijijini na kuomba kununua chakula kwa watu wanaozika watoto. Wapagazi walitoroka. Wengine waliiba. Wenyeji walikasirika, na watu wawili wa msafara wakauawa. Kambini mlimani chakula kiliadimika hadi mmoja wa Wazungu akatumwa Naivasha kwa ofisa wa serikali kuomba msaada. Wakati hayo yakiendelea, Mackinder alikuwa juu, anajaribu njia, anarudi, anajaribu tena.

Shajara yake ya safari haikutoka kama kitabu akiwa hai. Ilichapishwa mwaka 1991, ikihaririwa na K. Michael Barbour, na mwishoni ina orodha ya wapagazi. Mwanajiografia Gerry Kearns, katika kitabu chake kuhusu Mackinder na himaya, ndiye aliyewafanya wasomaji wengi waitazame orodha hiyo upya. Kando ya majina manane pameandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri.

Rudia kuisoma sentensi hiyo. Walipigwa risasi kwa amri. Kiswahili kina kiungo kidogo, -w-, kinachomfanya mtendaji atoweke: walipigwa, waliuawa, walizikwa, ilisemwa. Kiingereza cha kikoloni kilikuwa na ujanja uleule. Amri ya nani? Orodha haisemi. Kosa gani? Orodha haisemi. Watu wanane walioondoka nyumbani wakiwa wameajiriwa waliishia kuwa maneno machache pembeni ya majina yao, na kiongozi wa msafara akarudi London kupigiwa makofi. Akawa mkurugenzi wa London School of Economics, akawa mbunge, akapewa cheo cha Sir. Na sisi tukamchora kwenye mtihani.

Niliisimulia habari hiyo jioni ya siku ya nne, tukiwa tumeshuka upande wa magharibi hadi Mackinder's Camp. Hapa ramani inafanya kichekesho: Mackinder's Camp haipo kwenye Bonde la Mackinder, ipo kwenye Bonde la Teleki. Mapota walikuwa wanakula ugali na ndengu jikoni, mahali penye joto kuliko pengine pote kambini, nami nilikuwa nimejipenyeza hapo. Yule mzee alisikiliza.

"Ni huyu wa kambi?" akauliza.

"Huyuhuyu."

"Alikuwa na mapota wangapi?"

"Zaidi ya mia na hamsini."

"Na waliobaki walilipwa?"

Alikuwa ameliuliza swali la kazi. Mimi nilikuwa nimemletea kisa cha kifo, naye akataka kujua kuhusu mshahara. Kisha akauliza wale wanane walikuwa watu wa wapi. Nikamwambia orodha ni ya Waswahili, watu wa pwani. Akatikisa kichwa. "Baridi hii," akasema, "na mbali na kwao." Akanyamaza, akamalizia ugali wake.

Teleki, ambaye bonde ni lake, alikuwa mhusika mdogo tu kwenye hadithi hii: Samuel Teleki, kabaila wa Kihangari, aliyepanda hadi karibu mita 4,350 mwaka 1887 akiwa na msafara wa mamia ya wapagazi kutoka pwani. Hakufika juu. Bonde alilipata hata hivyo, na rafiki yake Ludwig von Höhnel akapata la jirani.

Siku ya tano tulipanda changarawe hadi Austrian Hut, mita 4,790. Kwa masaa manne nilitazama visigino vya mtu aliyebeba hema langu. Ukitembea nyuma ya mpagazi kwa muda mrefu, unagundua jinsi nchi yetu ilivyopangwa ili usimwone usoni. Mfano upo mjini. Wangapi wetu tunajua Kariokor ni nini? Ni Carrier Corps, kikosi cha wabebaji wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walipopigana na Wajerumani Afrika Mashariki, magari hayakupita na wanyama walikufa kwa mbung'o, kwa hivyo risasi, unga na mizinga vilibebwa na watu. Makumi ya maelfu ya wabebaji walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam wana Kariakoo, sisi tuna Kariokor. Na pale Kenyatta Avenue kuna zile sanamu tatu za vita. Moja ni ya mbebaji. Nimepita mbele yake miaka mingi nikikimbilia matatu.

Usiku ule Austrian Hut hakuna aliyelala. Saa kumi usiku tulianza kupanda, na jua likatukuta Point Lenana. Kaskazini mawingu, mashariki mawingu, na Batian na Nelion zimesimama karibu kiasi kwamba unanong'ona. Watu walikuwa wanapanga foleni ya picha. Mimi nilikuwa nafikiria watu waliofika hapa na mizigo yao wenyewe.

Watatu walikuwa Waitaliano. Mwaka 1943 Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walikuwa wafungwa wa vita kambini karibu na Nanyuki. Walitoroka mwezi Januari, si kwa ajili ya kukimbilia nchi nyingine, bali kuupanda mlima waliokuwa wakiuona kila siku nyuma ya seng'enge. Vifaa walijitengenezea kwa siri, na mojawapo ya ramani zao ilikuwa picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa chakula. Barsotti alikuwa mgonjwa, akabaki kambini chini. Batian iliwashinda wenzake wawili, lakini walifika Lenana wakaacha bendera ya Italia. Kisha wakarudi wenyewe kambini, siku 18 baada ya kutoroka, njaa imewakausha. Hawakuwa na mpagazi hata mmoja. Ndiyo maana kitabu cha Benuzzi kimejaa uzito: kila gramu inatajwa, kwa sababu kila gramu ilikuwa mgongoni mwake.

Mwingine alikuwa Kisoi Munyao. Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, wakati bendera ya Uingereza inateremshwa Nairobi, yeye alipandisha ya Kenya hapa juu. Kila mtoto aliyepitia shule ya msingi anaijua picha hiyo. Lakini ukiitazama kwa jicho la mzigo, ina maana ya ziada. Kwa mara moja katika historia ya mlima huu, Mwafrika aliyebeba kitu hadi juu ndiye aliyetajwa. Kitu chenyewe kilikuwa kipande cha nguo, na uzito wake nchi nzima iliuhisi. Munyao alifariki mwaka 2007.

Tulishuka mashariki hadi Hall Tarns, juu kabisa ya genge ambalo chini yake Ziwa Michaelson linalala kama sarafu. Siku ya saba tukafuata ukingo wa Bonde la Gorges hadi kwenye vichaka, kisha miti, kisha mianzi. Hewa ikawa nzito na tamu. Ulikuwa msitu sasa, na msitu huu nao ulikuwa na misafara yake.

Kuanzia 1952 misitu ya mlima ilikuwa makao ya wapiganaji wa Mau Mau. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliwaongoza wa upande wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954. Upande wa Meru, Musa Mwariama alikuwa bado msituni uhuru ulipofika. Jeshi la Uingereza liliupiga msitu mabomu kutoka angani, na wanavijiji wakalazimishwa kuchimba handaki pembezoni mwa msitu ili kuukata na mashamba. Kwa nini handaki? Kwa sababu serikali ilielewa jambo ambalo ramani ya Mackinder haikulionyesha: vita vilikuwa vinabebwa. Viazi, risasi, dawa na habari viliingia msituni vichwani na migongoni, na wabebaji wengi walikuwa wanawake. Handaki lilichimbwa ili kuwazuia hao.

Tulipofika lango la Chogoria, mizigo iliteremshwa kwa mara ya mwisho. Tukalipana. Bahasha zilikuwa na majina, kwa sababu siku ya sita nilimwomba kiongozi anisaidie kuyaandika yote, majina mawili mawili, kama yalivyo kwenye vitambulisho. Yule mzee alilisoma lake, akahesabu noti, akaniambia nimekosea herufi moja. Nikairekebisha hapohapo.

Hilo ni jambo dogo na silisimulii ili nionekane mwema. Nalisimulia kwa sababu ndivyo kumbukumbu zinavyoanza, kwa orodha ya malipo. Orodha ya Mackinder nayo ilikuwa orodha ya wafanyakazi, na bila hiyo tusingejua lolote kuhusu wale wanane. Mtu fulani aliandika majina yao ili ajue nani anadai nini. Halafu mtu fulani akaandika kwa nini hawadai tena.

Kwenye njia yote, kutoka Sirimon hadi Chogoria, nilisoma kila kibao na kila bamba lililoniangukia machoni. Nilikuta maonyo kuhusu barafu, umbali wa kambi, kumbukumbu za wapandaji waliofia mlimani. Sikuona popote palipotajwa wapagazi wa 1899. Majina yapo, yamechapishwa kitabuni, yanaweza kunakiliwa. Bamba la chuma lenye mistari minane halina uzito mkubwa. Pota mmoja angeweza kulibeba hadi Bonde la Teleki kwa siku mbili, na ningependa alipwe vizuri kwa kazi hiyo.